Mjadala: Eve Muirhead na koo za kalingi Uskoti. Fedha za umma ziwalee watoto wa wachezaji tu?

Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nina hoja ambayo imenikaa moyoni tangu Olimpiki ya Beijing, 2022.

Uingereza ilirudi kutoka kule na medali mbili tu, na zote mbili ni za kalingi, ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu huku wenzako wakilifagilia jiwe njia. Wanaume walipata medali ya fedha. Wanawake waliifunga Japani 10-3 kwenye fainali ya tarehe 20 Februari wakachukua dhahabu, nahodha wao akiwa Eve Muirhead wa Blair Atholl, kijiji cha kaskazini mwa Perth. Nilifurahi mno siku ile, na bado namhesabu Eve kuwa mmoja wa wanamichezo wakubwa kabisa waliotoka Uskoti.

Sasa tazameni nyumba alikotoka. Baba yake, Gordon, mfugaji wa kondoo, ndiye aliyeiongoza Uskoti kupata medali ya fedha ya dunia mwaka 1995. Ndugu zake wawili, Glen na Thomas, walikuwa kwenye timu ya wanaume ya Olimpiki ya Pyeongchang, 2018. Nahodha wa timu hiyo alikuwa Kyle Smith, akicheza na nduguye Cammy, na baba yao ni David Smith, bingwa wa dunia wa 1991. Yaani katika wachezaji watano waliopelekwa Korea, wanne walitoka nyumba mbili! Hata Hammy McMillan wa ile medali ya fedha ya Beijing ni mtoto wa Hammy McMillan, bingwa wa dunia wa 1999.

Maandalizi ya timu hizi hulipiwa na fedha za bahati nasibu ya taifa na za serikali. Kila anayenunua tiketi dukani anachangia. Je, ni haki fedha hizo ziishie kuwapandisha watoto ambao tayari wamelelewa barafuni?

Mimi nasema si haki, na ushahidi wangu ni Eve mwenyewe. Mwaka 2021 timu yake ilimaliza ya nane kwenye mashindano ya dunia kule Calgary, ikakosa tiketi ya moja kwa moja ya Olimpiki, kwa kuwa ni sita za juu tu zilizopita. Hapo wakuu wa kalingi wakabadili utaratibu. Badala ya kuiacha timu iliyojiunda yenyewe iendelee, waliwakusanya wanawake tisa, wakawashindanisha, makocha wakachagua watano. Eve, bingwa wa dunia wa 2013, akaingia kwenye mchujo kama wengine. Kilichofuata kinajulikana: ubingwa wa Ulaya mwezi Novemba kule Lillehammer, tiketi ya Olimpiki mwezi Desemba kule Leeuwarden, kisha dhahabu. Mwaka ule mlango ulifunguliwa na mchujo. Basi mchujo wa namna hiyo uanzie chini, kwa watoto wa shule, na fedha ziende huko.

Nawasilisha.

Mchangiaji, Glasgow

Mkuu, hoja nzuri, lakini ushahidi wako unakugeuka. Katika wale waliocheza fainali ya Beijing, Eve, Vicky Wright na Jennifer Dodds walikuwa pamoja tayari kule Calgary. Mchujo uliwaongeza Hailey Duff na mchezaji wa akiba, Mili Smith. Na Mili ni nani? Binti wa David Smith huyohuyo, dada yao Kyle na Cammy. Kwa hiyo makocha walifungua mlango, wakaingia walewale.

Na usiifiche kazi aliyoifanya Eve kabla ya mchujo wako. Mara nne alikuwa bingwa wa dunia wa vijana: 2007, 2008, 2009 na 2011. Aliiongoza Uingereza kwenye Olimpiki ya Vancouver akiwa na miaka 19. Akachukua ubingwa wa dunia kule Riga 2013, kisha shaba ya Sochi 2014. Yote hayo kwa utaratibu wa zamani, wa wachezaji kuchaguana.

Mimi nacheza kwa burudani tu, siku za wikendi, lakini nimeshika lile jiwe. Lina uzito wa karibu kilo 20. Barafu yenyewe si laini, hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda na kuwa vipele vidogo, na vipele hivyo hulika kadiri mechi inavyoendelea. Mechi huchezwa kwa ngwe, yaani zamu ambazo timu zote mbili husukuma mawe yao, na jiwe lililopinda hivi ngwe ya pili halipindi hivyo ngwe ya nane. Nahodha lazima alione hilo kabla halijatokea. Jicho hilo halipatikani kwa semina ya wiki mbili. Mtoto wa seremala hulijua randa kabla ya kushika kalamu. Gordon Muirhead alimpa binti yake elimu ambayo taifa halikuilipia hata senti, halafu leo tuone familia ile kama kikwazo? Tuwashukuru. Fedha za medali ziende kwa wenye uwezo wa kuleta medali.

Mchangiaji, Stirling

Kaka zangu, mimi ni mama wa watoto wawili na nakaa karibu na kituo cha taifa cha kalingi kilichofunguliwa hapa mwaka 2017. Nawasoma na naona kitu kimoja mnakipita.

Mchezo huu mtoto haji na mawe yake. Mawe ni ya ukumbi. Unahitaji viatu, brashi na nguo za joto. Wangu alijaribu siku ya shule akaupenda sana. Kilichotushinda ni usiku wa Januari: nani ampeleke, nani amsubiri, nani amrudishe, na mimi niko zamu. Mtoto wa mchezaji hana shida hiyo, maana mzazi wake anakwenda ukumbini kwa haja yake mwenyewe. Kwa hiyo mkitaka haki, msianze na makocha wala na majina ya koo. Anzeni na basi.

Halafu dada yetu Eve msimtaje kana kwamba alibebwa. Pyeongchang mechi ya shaba dhidi ya Japani, jiwe la mwisho lilikuwa mkononi mwake na likakosa, dunia nzima ikitazama. Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Wengi wangeacha hapo.

Mleta mada

Dada wa Stirling, asante. Hapo umeisema hoja yangu vizuri kuliko nilivyoisema mimi, na neno basi naliandika kwenye pendekezo langu.

Mkuu wa Glasgow, sijasema mtoto wa bingwa azuiwe. Mili alipimwa mbele ya makocha akapita, ni haki yake. Ila hao tisa walitoka wapi? Ukichuja kikosi kilichokwisha kuchujwa na majina tangu utotoni, lazima utoe majina yaleyale. Ndiyo maana nasema mchujo ushuke chini.

Na hilo la elimu ya nyumbani nalikubali lote, lakini mimi nalisoma kinyume chako. Kama Blair Atholl ilitoa Eve, Glen na Thomas kutoka nyumba moja, mimi sioni damu hapo. Naona saa nyingi za barafu chini ya mtu anayejua kufundisha. Saa hizo zinaweza kununuliwa. Napendekeza kila fedha ya umma inayotolewa kwa timu ya Olimpiki iambatane na sharti: kumbi za barafu zilipwe kutenga jioni mbili kwa wiki kwa watoto wasio na mzazi mchezaji, usafiri ukiwemo, na mabingwa waliostaafu waajiriwe kuwafundisha. Eve alistaafu Agosti 2022 akiwa na miaka 32, mwaka aliochukua dhahabu ya Olimpiki na ubingwa wa dunia wa wachezaji wawili wawili akiwa na Bobby Lammie. Ujuzi wa namna hiyo unaishi zaidi ya medali.

Mchangiaji, Glasgow

Sharti la jioni mbili naliunga mkono. Lakini kapu la fedha ni lilelile, na umeme wa kugandisha barafu ni ghali. Ukikata kwenye timu ya sasa na medali zikakosekana Olimpiki moja tu, wafadhili watapunguza zote, na hao watoto wako watakosa hata ukumbi. Nani atabeba dhamana ya miaka hiyo ya katikati? Nijibu hilo kwanza.