Ukoo wa Kibokoni: Jumanne, 20 Mei 2025

Salim (Reading): Asalaam aleikum ukoo. Mliiona ya jana? Starmer, waziri mkuu wa Uingereza, alikaa na wakuu wa Muungano wa Ulaya, ule Waingereza waliopiga kura ya kutoka 2016, pale Lancaster House, London. Wamesikizana juu ya samaki, vyakula, ulinzi, hata foleni za viwanja vya ndege.

Babu Athman (Kibokoni, Mombasa): Waaleikum salaam. Lancaster House ile walikokwenda kina Mboya na Ngala 1960 kuzungumzia katiba yetu? Nyumba ile naijua kwa watu wa kutaka kutoka. Wa kutaka kurudi ndio kwanza nasikia.

Salim: Harudi Babu, ndiyo kasheshe yenyewe. Amesema mara chungu nzima: Soko la Pamoja hataki, Umoja wa Forodha hataki, watu kuhamia na kufanya kazi bila viza kama zamani hataki. Anataka ujirani mwema tu.

Ami Bakari (Dar): Popo huyo. Kwa ndege anaonyesha mbawa, kwa wanyama anaonyesha meno.

Shangazi Rukia (Leicester): Bakari umenichekesha na mimi niko kwa daktari, watu wananitazama 😂 Lakini si ndiye huyu aliyetaka kura irudiwe? Enzi Corbyn akiongoza chama chao cha Labour, yeye ndiye msemaji wa chama wa mambo ya Brexit, huko kutoka Ulaya, kutwa kwenye TV kura ya pili, kura ya pili. Sasa akisikia neno "kurudi" utadhani ametajiwa deni.

Mwanaisha (Leeds): Shangazi nawe! Uliyepiga kura ya kutoka 🙊

Shangazi Rukia: Nilipiga. Sikatai.

Fatma (Mombasa): Ngojeni kwanza. 2016 Shangazi ulikuwa bado na pasipoti ya Kenya. Kura ya Waingereza uliipigaje?

Salim: Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi huku kihalali anapiga. Mkenya, Mtanzania, Mhindi, Mnaijeria. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikapiga ya kubaki. Mpoland na Mwitaliano, ambao jambo lenyewe linawahusu, hawakuruhusiwa.

Fatma: Subhanallah. Kwa hiyo watu wa Kibokoni wameamua mambo ya watu wa Warsaw?

Shangazi Rukia: Nisikilizeni mara moja, msinikatize. Mwaka ule kulikuwa na waziri, Priti Patel, wazazi wake walitoka Uganda. Akisema tukitoka Ulaya, migahawa ya kari itapata wapishi kutoka Asia Kusini, maana foleni itakuwa moja kwa wote. Na mimi nilikuwa nimemwombea mama viza mara mbili, kanyimwa mara mbili. Mwanamke wa miaka sabini, anataka kuona wajukuu tu! Jirani yangu Mpoland, mama yake anapanda ndege Ijumaa, Jumatatu karudi kwake. Wivu? Ndiyo, ulikuwa wivu. Nikatia alama yangu kwenye kutoka. Na Leicester yenyewe ilitaka kubaki, asilimia 51, hata mjini kwangu nilishindwa.

Babu Athman: Ile barua ya pili ya kunyimwa, mamako mpaka anakufa ilikuwa kwenye sanduku lake. Chini ya kanga.

Ami Bakari: Allah amrehemu.

Mwanaisha: Amin. Lakini Shangazi, foleni ikawa moja?

Shangazi Rukia: Ikawa! Wapoland walipopungua, 2022 si walifungua viza ya kulea wazee? Wakaja Wanaijeria, Wazimbabwe, Wakenya. Wewe mwenyewe ulipitia mlango huo. Mnisute mkinisuta, lakini mlango niliusukuma mimi.

Mwanaisha: Nilipita mimi. Mwanangu hakupita. Kuanzia Machi 2024 mlezi haji na mtoto wala mume, mimi nikafika Juni. Leo ana miaka minne, kwenye video anamwita mamangu "mama", mimi ananiita "Leeds".

Fatma: Na mimi ndio nimefungiwa kabisa. Wiki iliyopita huyo huyo Starmer katangaza hawachukui tena walezi kutoka nje, eti kisiwa kisije kikawa cha watu wasiojuana. Nimemaliza kozi, bangili za harusi nimeuza, ajenti keshakula pesa na simu hashiki.

Ami Bakari: Yaani Jumatatu ile anawafungia wakina Fatma, Jumatatu hii anakunywa chai na Wafaransa. Popo, nimesema.

Salim: Ami, mimi naona anahesabu. Januari walipouliza watu, asilimia 55 walisema kutoka Ulaya ilikuwa kosa, 30 tu ndio wakasema ilikuwa sawa. Sasa mwenye nchi angeshangilia, si ndiyo? Lakini majuto hayana kituo cha kupigia kura. Mei mosi kulikuwa na uchaguzi mdogo kule Runcorn, jimbo la Labour, mtu wa Farage, wa chama cha Reform, akachukua kwa kura 6. Sita! Hao ndio wanaomnyima Starmer usingizi, si hao asilimia 55. Hao anadhani hawana pa kwenda.

Shangazi Rukia: Wanapo. Binti yangu keshahamia kwa wale wa chama cha Kijani.

Salim: Ndiyo hivyo. Huku Badenoch wa Conservative na Farage wanapiga kelele kwamba nchi imeuzwa, kisa samaki. Wavuvi wa Ulaya wameongezewa miaka 12 kwenye maji ya Uingereza, mpaka 2038. Na uvuvi haufiki hata asilimia moja ya uchumi wao!

Ami Bakari: Samaki usimpime kwa uchumi. Waulize watu wa soko la samaki la Feri.

Salim: Mimi mwenzenu nampa alama kwa moja. Niko kwenye ghala la vyakula. Tangu watoke, lori la nyama kwenda Ufaransa linataka cheti kilichotiwa saini na daktari wa mifugo. Makaratasi yakikosea kidogo, lori linalala bandarini. Wakiyapunguza hayo kweli, mimi popo wenu nitampigia makofi.

Babu Athman: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:41)

Mwanaisha: Babu niko kazini siwezi kufungua sauti 🙏

Fatma: Nawaandikia. Babu anasema: "Mimi nilikuwa Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu Dar. Mezani kwetu kulikuwa na Mtanga, Mganda mmoja na mimi. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, kila mtu akaambiwa aende kwao. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukafunguliwa 1983. Bakari alikuwa Dar, babake alizikwa hapa bila yeye. Wakati ule hakuna mwananchi aliyeulizwa. Wakubwa waligombana, sisi tukaambiwa matokeo. Waingereza angalau waliulizwa, 1975 na tena 2016. Na kuirudisha ya kwetu ilichukua miaka 22 mpaka ule mkataba wa Arusha wa 1999. Kwa hiyo huyo Starmer msimharakishe. Lakini aseme anakokwenda. Dereva kukata kona bila kutia indiketa ndiko kunakoua watu." Halafu amekohoa, halafu ameuliza nani ana chaja yake.

Ami Bakari: 1977 msinikumbushe, Babu.

Shangazi Rukia: Chaja iko kwa Fatma, kila siku iko kwa Fatma.

Fatma: 😇

Mwanaisha: Shangazi, na ile safari ya Malaga vipi? Waeleze.

Shangazi Rukia: Wewe mtoto una fitina. Haya. Nimepata pasipoti ya Uingereza 2021, pesa chungu nzima, mtihani, kiapo kwa Malkia. Nikasema sasa nami nitapita kama watu. Nimefika Malaga, wenye Ulaya yao wanapita pale, mimi naelekezwa foleni ya wageni. Saa nzima na nusu, miguu imevimba. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na pasipoti ya Kenya, tukapiga Kiswahili mpaka dirishani.

Ami Bakari: Foleni moja kwa wote! Ulichokipigia kura umekipata 😂😂

Salim: 😂😂😂

Fatma: Na yule jirani Mpoland yuko wapi siku hizi?

Fatma: Shangazi?

Shangazi Rukia: Alirudi kwao 2019. Alikuwa na miaka kumi na mbili pale, kodi analipa, watoto wamezaliwa hapo hapo. Ile asubuhi matokeo yametoka, waziri mkuu Cameron ameshatangaza anaondoka, nilimkuta nje anatoa mapipa ya taka. Akaniuliza, wewe Rukia ulipiga nini? Nikamwambia sikwenda kupiga, nilikuwa na kazi.

Mwanaisha: Oh Shangazi.

Babu Athman: Mpigie simu.

Shangazi Rukia: Daktari ananiita. Tutaongea jioni.