MREJESHO: Yule mdogo wangu anayepoteza shabaha siku ya mechi

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu mdogo wangu, mrushaji wa besiboli shuleni kwao hapa Mbeya. Mazoezini anaipata glavu ya mdakaji kila mara, siku ya mechi mpira unapaa mpaka kwenye migomba. Wengine mlisema karogwa. Haya.

Kilichosaidia ni mkuu mmoja aliyenitajia Rick Ankiel, mrushaji wa St. Louis Cardinals, timu ya besiboli ya Marekani. Mwaka 2000, kwenye mtoano dhidi ya Atlanta Braves, akiwa na miaka 21, alirusha mipira 5 ya ovyo katika awamu moja tu. Mkono ulikuwa mzima, kichwa ndicho kilichogoma. Mwaka 2007 akarudi kama mlinzi wa nje, na mechi ya kwanza tu akapiga homurani, yaani pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja. Dogo akaniuliza, "Kumbe hata wa Marekani?"

Basi sasa kabla ya kurusha anafuta kiganja kwenye suruali, anavuta pumzi ndefu, anatazama glavu tu. Na mimi nimeacha kupiga kelele "usikosee!" Nilidhani namtia moyo, kumbe!

Jumamosi, baridi la Uyole likituuma, wapigaji wawili wa kwanza aliwapa besi ya bure, yaani alikosa shabaha mara nne kwa kila mmoja, wakaenda besi ya kwanza bila kupiga. Nikamwona anafuta kiganja. Watatu waliofuata akawatoa. Tumefungwa 9-6, sawa, ila usiku alimaliza ugali akaomba maharage ya kuongeza.

Tatizo limebaki moja: akimwona mzee uwanjani, mkono unakuwa mzito. Na mzee hazuiliki. Mwenye mbinu anisaidie.