Mchezaji huru akubali ofa ya mwaka mmoja, au aingie sokoni?

Swali
Wakuu, naomba mawazo kuhusu ile ofa ya mwaka mmoja ambayo klabu ya MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani) humpa mchezaji wake anayemaliza mkataba. Ile ya mwishoni mwa 2025, kwa msimu wa 2026, ilikuwa dola milioni 22.025. Chukulia mrushaji wa miaka 31, amekaa nje miezi mitatu kwa sababu ya bega, na aliporudi akarusha vizuri. Apokee, au atafute mkataba wa miaka mitatu kwingine?

Jibu la 1
Apokee. Wengi huangalia hizo milioni 22 tu (ni wastani wa mishahara 125 mikubwa ya ligi) wakasahau mzigo unaokuja na kukataa. Akikataa, klabu nyingine ikimsajili inapoteza nafasi za kuchagua vijana kwenye drafti. Klabu inayotozwa kodi kwa kuvuka kikomo cha jumla ya mishahara hupoteza nafasi mbili, pamoja na dola milioni 1 kwenye fungu la kusajili vijana wa kimataifa. Kwa nyota mkubwa watameza hasara hiyo. Kwa bega lenye mashaka, wanasita.

Mrushaji Dallas Keuchel alikataa ofa kama hii ya milioni 17.9 kutoka Houston mwaka 2018. Akasubiri hadi Juni 2019, drafti imeshapita na adhabu imekwisha, ndipo akasaini Atlanta kwa milioni 13, nusu ya msimu imekaribia.

Tena ofa hii mtu hupewa mara moja tu maishani. Akiipokea sasa, mwakani anaingia sokoni bila mzigo huo.

Jibu la 2
Mkuu, mwakani atakuwa na miaka 32, na bega ni lile lile. Piga hesabu: akipata miaka mitatu kwa milioni 14 kila mwaka, ni 42 za uhakika. Akichukua 22, anatakiwa apate 20 nyingine kwa miaka miwili inayofuata ili asipungukiwe. Bega likikubali, hizo 20 ni rahisi. Likichanika Mei, hazipo.

Kwa hiyo kabla ya kujibu, wakala atume picha za MRI kwa klabu nne au tano. Kuna takriban wiki mbili, na mazungumzo na klabu zote yanaruhusiwa. Asiulize bei kwanza, aulize miaka. Kama hakuna anayetamka mitatu baada ya kuona picha, jibu limeshapatikana.

Jibu la 3
Naungana na wa pili. Mfano wa Marcus Semien hutajwa sana: mwaka mmoja Toronto 2021 kwa milioni 18, homurani 45 (mipigo inayompa mpigaji mzunguko mzima), kisha miaka saba na Texas kwa milioni 175. Lakini yule ni mpigaji mzima wa afya, na mrushaji hapimwi kwa mizani hiyo.

Angalieni na kalenda. Makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yanaisha 1 Desemba 2026. Yale yaliyotangulia yalipoisha Desemba 2021, ligi ilifungwa siku 99 na usajili ukasimama. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja unaoishia hapo ndiye anayekutana na mlango uliofungwa.

Muulizaji
Na miaka miwili yenye kipengele cha kujitoa baada ya wa kwanza?

Jibu la 2
Hiyo ndiyo ningeipigania kwa bega hili, hata ikishuka hadi milioni 18 kwa mwaka. Akirusha vizuri anajitoa, akiumia mwaka wa pili unalipwa.