Mwalimu mmoja kwa familia tatu zenye watoto wenye mahitaji maalumu: tupatane vipi?

Mama wa Kyaliwajjala anauliza:

Ndugu wazazi na walimu, naomba ushauri wenu. Sisi ni familia tatu za Kyaliwajjala na Naalya, karibu na Kampala, Uganda, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka nyumba hadi nyumba, na kila moja ina mtoto ambaye husemwa kwamba shule imemshinda, ingawa kwa haki ningesema kwamba ni yeye aliyeishinda shule. Wangu ana miaka tisa na ana usonji (autism). Maneno anayotamka hayazidi kumi, lakini hupanga vifuniko vya chupa kwa rangi na kwa ukubwa kwa uangalifu ambao sijauona hata kwa mtu mzima. Wa jirani yangu ana miaka saba na mtindio wa ubongo (cerebral palsy): akili yake ni kali, hukaa kwenye kiti maalumu, na lazima asaidiwe chooni. Wa tatu ana miaka kumi na mmoja, ana kifafa, na alikaririshwa darasa la pili mara mbili kabla ya wazazi wake kumrudisha nyumbani.

Tumeafikiana kuajiri mwalimu mmoja wa elimu maalumu awafundishe nyumbani siku tano kwa wiki. Kila familia inaweza kutoa shilingi laki tatu kwa mwezi, jumla laki tisa. Tunachobishania ni namna ya kumgawana. Je, watoto wakae pamoja sebuleni kwangu, au mwalimu azunguke nyumba kwa nyumba? Nani awe mwajiri wake? Halafu kuna suala la lugha: nyumbani kwangu tunazungumza Kiswahili kwa kuwa mume wangu alilelewa katika kambi ya jeshi ya Bombo, jirani yangu huzungumza Kiluganda na mwanawe, na familia ya tatu ilihamia Kiingereza zamani. Nitashukuru hasa kusikia kutoka kwa waliowahi kujaribu.

Mwalimu wa Kireka anajibu:

Mama, shikamoo. Nimefundisha watoto wa aina hii kwa miaka mingi, shuleni na majumbani, na ningependa kwanza kukutoa kwenye wazo la "sebule moja, watoto watatu, mwalimu mmoja" kana kwamba ni darasa dogo. Watoto hawa hawana somo moja. Mwanao atahitaji utulivu, ratiba ya picha ukutani inayomwonyesha kinachofuata, na vipindi vifupi vya dakika kumi au kumi na tano. Mtoto wa jirani yako atahitaji masomo ya kawaida kabisa ya darasa la pili, ila ajibu kwa kuonyesha kidole au kwa macho pale mkono usipotii. Na yule wa kifafa atahitaji kurudia bila kuaibishwa, kwa kuwa huenda kuna siku dawa humlaza au kifafa chenyewe hufuta alichojifunza juzi. Mkiwaweka pamoja mchana kutwa, mwalimu atamfundisha anayelia zaidi, na wawili waliobaki watakuwa watazamaji.

Kinachofanya kazi ni kugawa siku. Kila mtoto apate saa moja na nusu ya peke yake, kisha wote wakutane kwa saa moja ya kula, kuimba, kumwagilia bustani, kupanga vyombo na kungoja zamu. Saa hiyo ya pamoja msiidharau, kwa maana kungoja zamu ni somo gumu kuliko kujumlisha. Nyumba iwe moja, kwa sababu mwalimu anayezunguka kwa bodaboda hupoteza muda mwingi njiani na hufika amechoka, lakini lazima pawe na chumba cha pili chenye mlango.

Kuhusu cheti, Chuo Kikuu cha Kyambogo ndicho kilichorithi chuo cha taifa cha elimu maalumu mwaka 2003, na wengi wetu tumepitia hapo. Hata hivyo, msiishie kuuliza kama mtu ana cheti. Muulizeni alijikita katika nini. Aliyebobea katika Breli, yaani maandishi ya wasioona, au lugha ya alama ni mtaalamu wa kweli, lakini huenda hajawahi kukaa na mtoto mwenye usonji hata wiki moja. Mwiteni aje afundishe nusu siku, mumlipe nusu siku hiyo, na mtazame anachofanya mtoto anapokataa. Akipandisha sauti, mpeni nauli yake na mwachane kwa heshima. Muulizeni pia angefanya nini mtoto akianguka kifafa: anayesema atamtia kijiko mdomoni bado hajafundishwa. Mtoto hulazwa ubavu, vitu vigumu vikaondolewa karibu naye, saa ikatazamwa, na mshtuko ukipita dakika tano hukimbizwa hospitali.

Lugha isiwagombanishe. Kwa mtoto mwenye maneno kumi, lugha ya kufundishia ni ile ya maneno hayo kumi. Ikiwa ni Kiswahili, basi mwalimu ajifunze Kiswahili cha nyumba yenu, hata kama kwa wengine wawili atatumia Kiluganda na Kiingereza.

Baba wa Bweyogerere anajibu:

Sisi tulijaribu mwaka 2023, tukiwa familia tatu kama nyinyi, na mpango wetu ulidumu mihula miwili. Haukuvunjwa na watoto wala na mwalimu. Ulivunjwa na sisi wazazi.

Tulimwahidi mwalimu laki tisa, kiasi kilekile mnachokitaja, wala hatukusema kama ni kabla au baada ya makato. Mimi niliyeandikishwa kuwa mwajiri niligundua kwamba tangu sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, iliporekebishwa mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia: asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, yaani 90,000 juu ya zile laki tisa, na asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wenyewe, yaani 45,000. Kwa viwango vya mwaka ule, kodi ya mshahara ilikuwa 172,000. Mwalimu aliyeahidiwa laki tisa akapokea 683,000, na kwa haki kabisa akadhani nimemla. Ilinibidi nimwonyeshe karatasi zote mezani, na bado hatukurudiana kama zamani. Basi semeni tangu siku ya kwanza kile kitakachoingia mkononi mwake, kisha pigeni hesabu kurudi nyuma.

La pili lilikuwa la kuondoka. Familia moja ilisafiri miezi miwili na kusema kwamba haiwezi kulipia saa ambazo mtoto wao hakuwapo. Ninaelewa, lakini mwalimu hawezi kula theluthi mbili ya chakula. Laiti tungeandika mapema kwamba kila familia hulipa muhula mzima kabla haujaanza, na kwamba anayetaka kujitoa atatoa taarifa ya muhula mmoja, tungekuwa pamoja hadi leo. Andikeni pia zamu za kupika, nani atanunua karatasi na rangi, na mtoto akiugua mafua anabaki kwao au anakuja. Vitu hivi vidogo ndivyo vilivyotuchosha.

Nyongeza moja ambayo wengi huona haya kuitaja. Pawe na mtu mzima wa pili nyumbani saa zote, hasa kwa mtoto anayesaidiwa chooni na kwa asiyeweza kusimulia alichotendewa. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ni nzuri, na mwombeni mwalimu awape pia simu za wazazi wawili aliowahi kuwafanyia kazi, kisha mwapigie kweli.

Mama Mukono anajibu:

Ndugu zangu, mniwie radhi, nitakwenda kinyume kidogo. Huyu wa miaka saba mwenye akili kali, kwa nini anatolewa shuleni? Ikiwa tatizo ni kiti na choo, hilo ni tatizo la jengo na la msaidizi. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu wake. Najua mtaniambia sheria iko Kampala na mwalimu mkuu yuko mtaani kwenu, nami nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi za walimu wakuu zaidi ya mara moja. Lakini shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, mwanangu, naye ana mtindio wa ubongo, alifundishwa nyumbani vizuri sana, akasoma vitabu vingi, na hakuwa na rafiki hata mmoja wa umri wake. Aliporudi alikuwa amesahau namna ya kugombana na kupatana.

Tena fikirieni PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtahiniwa husajiliwa kupitia kituo kinachotambuliwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, na maombi ya muda wa ziada au ya msaidizi wa kuandika hupitia hapo hapo. Mtoto ambaye hayumo katika kitabu cha shule yoyote atahangaika mwaka wa mwisho. Nendeni ofisi ya elimu ya manispaa ya Kira mapema mkaulize, kabla ya kusaini lolote na mwalimu.

Mama wa Kyaliwajjala:

Nimesoma majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzangu jana jioni, na ninawashukuru. Jirani yangu alinyamaza muda mrefu baada ya maneno ya Mama Mukono, kisha akasema kwamba atamtafutia mwanawe shule ya karibu itakayokubali aje asubuhi tu pamoja na msaidizi wake, na mwalimu wetu amfundishe alasiri. Kwa hiyo saa zake zitapungua, na tumekubaliana kwamba mchango wetu utafuata saa badala ya vichwa, nasi wawili tutaongeza kidogo. Hesabu ya Baba wa Bweyogerere ilitushtua. Sasa tunaanza na kile tunachoweza kumwekea mwalimu mkononi, hata kama itamaanisha siku nne badala ya tano.

Mwalimu, marahaba. Chumba cha pili kipo, ila mlango wake haufungi, na fundi ameahidi kuja Jumamosi. Kama unamfahamu mwenzako aliyefanya kazi na watoto wenye usonji na asiyeogopa Kiswahili cha Bombo, tafadhali mwambie aniandikie.