Naomba ushauri: wakili anataka nyumba iwe dhamana ya ada yake

Ndugu wanachama, salaam. Ndoa yangu ilivunjwa na mahakama hapa Dodoma, na katika mgawanyo wa mali chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa nilipewa nyumba ya Nkuhungu ninamoishi na watoto, ingawa hatimiliki bado ina jina la mtalaka wangu. Wakili aliyenisimamia (kazi aliifanya vizuri, sina ugomvi naye) ananidai shilingi milioni 4 ambazo kwa sasa sina. Ameandaa makubaliano yanayosema nyumba itakuwa dhamana ya deni hilo, na kwamba ataweka zuio kwa Msajili wa Hati (yaani nyumba isiweze kuuzwa wala kubadilishwa jina) hadi nimalize kulipa.

Nimeomba kulipa kwa awamu, akakubali, ila suala la dhamana haliachi. Nimeomba pia mchanganuo wa ada. Nimepewa jumla tu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Najua kwamba kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinakinga nyumba ya makazi ya mdaiwa isikamatwe katika utekelezaji wa hukumu, lakini sielewi kama kinga hiyo hubaki mtu akishaiweka nyumba rehani kwa hiari yake.

Je, nikisaini, wakili anaweza kuiuza nyumba bila kupitia mahakamani? Na je, ninaweza kudai ada ikadiriwe kwanza kwa kufuata Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 (inayoweka viwango vya ada za mawakili), kabla sijasaini chochote? Anataka jibu Ijumaa.