Kalipa ya mbele inacheza kwenye IST: nikaze bolti, nibadili pini au ninunue ya used?

Kihonda_IST:
Heshima kwenu wakuu. Nina Toyota IST ya 2004, wiki ya pili sasa tairi la mbele kushoto linagonga ko ko ko nikiingia rafu rodi hapa Morogoro, kwenye lami kimya kabisa. Fundi wa kwanza akasema stabilaiza linki, nikabadili zote mbili, kelele iko palepale. Wa pili akafungua tairi akashika kalipa, ile inayobana pedi za breki kwenye diski, akaitikisa, ikacheza, akasema hii imelegea nunua nzima ya used elfu 70 nakufungia leo leo. Jirani anasema kaza bolti tu inatosha, shemeji yangu anasema pini zimekula. Jumamosi naenda Iringa na mama mzazi na watoto wawili, na mlima Kitonga siutaki na breki nisiyoiamini, hasa siku ya kurudi tukiwa tunashuka. Kati ya hayo matatu nifanye lipi?

FundiBreki_Ilala:
Mkuu usinunue kitu kwanza. Kalipa ya hiyo gari ni ya kuelea, ina pistoni moja tu upande wa ndani, ukikanyaga pistoni inasukuma pedi ya ndani alafu kalipa yenyewe inateleza kwenye pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Kwahiyo LAZIMA icheze, ila icheze kwa kuteleza ndani nje. Ikipanda na kushuka, au ikitikisika pamoja na breketi (fremu inayoibeba kalipa), hapo ndo pana ugonjwa. Fundi akishika akatikisa akasema imelegea bila kukuonyesha inacheza kuelekea wapi, bado hajapima kitu.

Leo pita kwenye rafu taratibu, kelele ikianza gusa breki kidogo tu kwa ncha ya mguu. Ikikata papo hapo basi ni pedi au kalipa, maana umeibana. Ikiendelea vilevile rudi kwenye boljointi na bushi.

Kihonda_IST:
Nimetoka kujaribu sasa hivi kaka. Nikigusa breki inakata, nikiachia inarudi. Alafu nikitoka rivasi nikaenda mbele, breki ya kwanza inapiga "tok" mara moja.

FundiBreki_Ilala:
Hapo umeshanisaidia nusu ya kazi. Kuna sehemu tatu, ziangalie kwa mpangilio huu.

Anza na bolti mbili kubwa za breketi kwenye nako (chuma kinachoshika habu ya tairi), kichwa kwa kawaida ni 17. Hizi zikilegea ndo hatari kuliko zote, zikitoka kalipa inazunguka pamoja na diski, inagonga rimu, inaweza kukata hosi ya breki na ukabaki na pedali inayozama hadi chini. Kama zimelegea hata kidogo gari isitembee.

Kisha bolti ndogo za pini, na hizo huwa zinalegea fundi akibadili pedi akakaza kwa haraka. Mwisho pini zenyewe na tundu zake: chomoa, futa, angalia kama zina ngazi (sehemu iliyolika ikaacha ukingo) au kutu, alafu irudishe kavu uone inayumba kiasi gani. Usisahau vile vibati vya klipu zinapokaa pedi, mafundi wengi wanavitupa na hiyo "tok" yako inaweza kuwa hapo.

MamaProbox_Mwanza:
Mdogo wangu yalinikuta hayohayo mwaka juzi na Probox yangu ya biashara. Nilianza na njia ya jirani yako, nikakaza, siku kumi kimya alafu ikarudi. Gereji ya pili wakanizungushia kipande cha bati la kopo kwenye pini eti kijaze nafasi. Ilikaa kimya kweli, ila kalipa ikawa haitelezi tena, pedi ya ndani ikaisha yote ya nje bado nene, na rimu ilikuwa haishikiki kwa joto. Niliumia sana kwa sababu nilikuwa nabeba watu na hakuna aliyeniambia kwamba nimefungiwa breki inayofanya kazi upande mmoja. Mwisho nikanunua pini mpya, mipira ya vumbi na klipu, kelele haijarudi mpaka leo. Kwa hela ni chini sana ya kalipa nzima.

Dogo_Nyegezi:
Kwani wakuu huwezi kuichomelea tu kidogo pale bolti inapolegea isitoke?

FundiBreki_Ilala:
Hapana mdogo wangu, kamwe. Moto wa kuchomelea unabadilisha chuma cha nako na breketi, na pedi zikiisha utazitoaje? Uzi wa bolti ukilika, kwenye Toyota hizi ndogo mara nyingi uzi uko kwenye breketi, bolti inapita kwenye nako inashika humo. Badili breketi na bolti basi, kalipa yako inabaki.

Kongowea_Garage:
Salaam kutoka Mombasa. Mimi used siikatai, lakini huku pwani chumvi inakula, kwa hivyo ndugu yangu ukinunua hakikisha pistoni inarudi ukiisukuma kwa klempu, na haina kutu pale mpira wa vumbi unaposhikia. Jambo jingine kuna duka litakupa ya kulia badala ya kushoto. Ile nipeli ya kutolea upepo lazima ikae juu, ikikaa chini utatoa upepo mpaka usiku na pedali bado laini. Na used ina maana unafungua hosi, kwa hivyo utanunua oili ya breki DOT 3 na utoe upepo. Pini hazina kazi hiyo.

Grisi ya pini iwe ya silikoni. Ile ya beringi inavimbisha mipira na pini zinakwama. Pini moja huwa na kampira nchani, usiichanganye tundu.

MamaProbox_Mwanza:
Na kalipa isining'inie kwenye hosi jamani, ifunge kwa waya kwenye springi.

Kihonda_IST:
Wakuu nimerudi, leo Alhamisi. Nimesimama na fundi mwanzo mwisho. Bolti za breketi zilikuwa zimekaza vizuri. Bolti ya pini ya chini ilizunguka kwa vidole, VIDOLE, na pini yake ina ngazi naihisi kwa kucha. Klipu hazikuwepo kabisa upande huo, kulia zipo. Nimenunua pini na mipira na klipu pande zote mbili, sikufika hata nusu ya ile elfu 70. Nimepita njia ya Kihonda yote yenye mashimo, kimya, na ile "tok" ya rivasi imeisha. Swali moja, fundi alikaza kwa mkono tu, hana tok renchi, ile spana inayopima ukazo. Ni sawa?

FundiBreki_Ilala:
Azima kabla ya Jumamosi. Corolla za miaka hiyo bolti za pini ukazo wake ni 34 Nm na za breketi 107 Nm, za kwako uliza zinazoandikwa kwenye kitabu cha IST maana hiyo ndogo ukiizidisha inakatika. Ukifika Iringa pumzisha gari, tairi likipoa fungua uangalie tena ile ya chini. Na Kitonga ukishuka weka gia namba mbili tangu ukiwa juu ya mlima, usisubiri breki zinuke.

Kihonda_IST:
Nimepata ya kuazima kwa jamaa wa malori Msamvu, naifuata kesho asubuhi.