Siku tatu Mji Mkongwe kwa ajili ya kula tu: tulale mtaa gani, tule wapi na saa ngapi?

Mlaji wa Makole

Wakuu, habari za muda huu. Mimi na mke wangu tunakwenda Unguja wiki ya mwisho ya Novemba, tukitokea Dodoma. Tunaingia Alhamisi jioni, tunatoka Jumapili mchana. Ufukweni hatuendi, Nungwi na Paje tutaziona safari nyingine. Hii ni safari ya tumbo.

Naomba wanaoujua mji wanieleze: tulale mtaa gani ili tuweze kutembea kwa miguu hadi kwenye chakula? Tulipie chumba pamoja na chai ya asubuhi au bila? Na Forodhani, lile soko la chakula la usiku, linafaa kweli au ni la wazungu kupigia picha? Bajeti ni ya kati. Usiku mmoja tunaweza kujitanua.

---

Kibaraza

Karibuni sana. Nianze na malazi, maana ukikosea mtaa utajikuta unalipa teksi kila mlo.

Shangani ndiko kwenye hoteli za baharini. Forodhani ni dakika chache kwa miguu, ila vyakula vingi vya upande huo vimepangwa kwa bei ya mgeni. Hoteli ya Tembo iko huko, ufukweni kabisa, na haiuzi pombe. Wanaotaka utulivu wa namna hiyo huipenda. Malindi ni karibu na bandari na bei zake huwa nafuu, lakini uliza chumba kinatazama wapi, kwa kuwa diko, wanaposhushia samaki, liko jirani na alfajiri yake ina kelele na harufu. Kholle House iko upande huo na ni hoteli katika nyumba ya zamani iliyotengenezwa vizuri.

Kwa safari ya tumbo mimi ningelala Mkunazini, Kiponda au Hurumzi. Uko katikati: soko la Darajani upande mmoja, Forodhani upande wa pili, na njia yote unaenda kwa miguu. Zanzibar Coffee House iko Mkunazini, ina vyumba vichache juu ya mkahawa wa kahawa, kwa hiyo wahi kuuliza nafasi.

Kabla ya kulipa uliza mambo manne. Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazina lifti na ngazi zake zimesimama wima, na baada ya sahani ya biriani utaziona ndefu maradufu. Dirisha linatazama nje au linatazama ukumbi wa ndani? La ndani halipati upepo, na Novemba ina joto la unyevu. Umeme ukikatika kuna jenereta inayobeba kiyoyozi au inabeba taa tu? Na gari linaishia wapi? Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, hivyo sanduku la magurudumu litagongana na mawe. Begi la mgongoni ni bora. Adhana ya alfajiri mtaisikia popote mtakapolala, hilo msihangaike kulikwepa.

Chai ya asubuhi: hoteli nyingi huijumlisha kwenye bei. Uliza bei ya chumba bila chai. Wakikataa kupunguza, kuleni matunda na kahawa hapo, tumbo lihifadhiwe kwa ajili ya mtaani.

---

Ukwaju Mchachu

Kibaraza kamaliza malazi, mimi niongeze saa. Chakula cha Unguja kina wakati wake. Mgeni anatafuta urojo, lile rojo chachu la Unguja, saa tano asubuhi, anaukosa, anarudi kwao akisema mji hauna kitu.

Asubuhi, saa moja hadi saa nne: supu ya ng'ombe au ya mbuzi na chapati, boflo (mkate) na maharage au mbaazi za nazi, vitumbua, mandazi. Tafuteni kando ya Darajani na kwenye vichochoro vya Mkunazini, palipo na mabenchi yaliyojaa watu wa kazi. Kitumbua kizuri kina ukingo mkavu na katikati laini yenye vitundu. Kikiwa kizito kama ugali, unga haukuumuka. Baada ya saa nne yanayobaki ni ya kupoa.

Mchana nendeni Lukmaan, Mkunazini, pale kwenye mbuyu, karibu na kanisa la Anglikana. Wageni wanaijua na wenyeji wanakula pia, jambo ambalo si la kawaida. Msikae mezani kusubiri menyu. Ingieni ndani hadi kwenye kaunta, angalieni masufuria, ulizeni kila kimoja ni nini na bei yake, ndipo muagize. Kwa watu wawili: pilau moja, wali wa nazi mmoja, mchuzi wa samaki na pweza wa nazi katikati, mihogo ya nazi kama bado ipo. Msichukue biriani na pilau pamoja siku hiyohiyo, mtashindwa kutembea. Fikeni kama saa sita, kwa sababu vinavyopendwa huanza kwisha mapema.

Ijumaa hesabuni tofauti. Kuanzia karibu saa sita hadi saa nane maduka mengi yanafungwa kwa ajili ya sala, halafu watu wote wanatoka na njaa kwa pamoja. Ama mle kabla, ama mngoje hadi foleni ipungue. Ijumaa hiyo ndiyo nzuri kwa biriani. Passing Show, upande wa Malindi, ni mkahawa wa kawaida usio na mapambo, unaojulikana kwa pilau na biriani.

Alasiri, kuanzia saa tisa hadi magharibi, ni saa ya urojo. Tazameni anavyojenga bakuli. Rojo la manjano linatokana na unga wa ngano kidogo, binzari, na embe mbichi, ukwaju au ndimu. Uchachu ndio utangulie mdomoni. Likiwa zito kama uji wa mgonjwa, muuzaji ameongeza unga ili kufidia embe. Bajia, kachori, viazi, mishkaki na chipsi za muhogo ziingie bakulini mbele yenu. Zikiwa zimelowekwa tangu mapema mtakula mkate uliolowa. Chatne ya nazi na pilipili huja mwisho. Mwambieni aweke pilipili pembeni, onjeni, ndipo muongeze.

Usiku, mkishakula, nendeni Jaws Corner, baraza la kahawa la Sokomuhogo. Kahawa chungu katika vikombe vidogo kutoka kwenye deli (birika la kahawa), kashata mkononi, na mabishano ya siasa na mpira bila malipo ya ziada. Msiagize maziwa.

Ule usiku wa kujitanua: hoteli ya Emerson Spice, Kiponda, juu ya paa. Mlo ni wa hatua tano kwa bei moja, meza ni chache na wote huanza muda mmoja jioni. Wekeni nafasi siku kadhaa kabla na mfike mapema mlione jua likizama. Siku hiyo badala ya mlo wa mchana kuleni urojo tu.

---

Baharia wa Kusi

Suala la Forodhani. Watu hulisifu au hulitukana lote kwa jumla, wakati lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni meza za vyakula vya baharini: mishkaki ya nguru, jodari, ngisi, pweza, kamba, na kamba kochi aliyewekwa mbele ili macho yashibe. Nyingi ya mishkaki hiyo imeshaiva kabla hamjafika. Ukichagua inarudishwa kwenye makaa kupashwa. Pweza na ngisi wakipashwa mara ya pili hukauka na kuvutika kama raba. Isitoshe hujui kijiti kile kiliwekwa mezani leo au jana. Mkitaka kula hapo, chagueni kilicho kibichi, kichomwe mbele yenu. Kamba kochi mwacheni, bei yake hapo ni ya picha.

Sehemu ya pili ndiyo nzuri: vinavyotengenezwa papo hapo. Pizza ya Zanzibar, kwa mfano. Donge la unga lililolowa mafuta linatandazwa hadi jembamba, nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho na yai vinachanganywa na kuwekwa katikati, linakunjwa pembe nne na kukaangwa juu ya chuma. Kosa la kawaida ni haraka: chuma kikiwa na pizza sita kwa mpigo, ukingo unaungua huku yai la katikati bado bichi. Chagueni muuzaji mwenye mbili tatu kwenye chuma, mwambieni aikaushe, na aikate mbele yenu. Moja inatosha watu wawili. Juisi ya miwa inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi nayo msiikose. Mwenye tumbo jepesi aombe bila barafu.

Kuhusu bei: mtafuatwa na vijana tangu getini, kila mmoja na "meza yake". Wapiteni kwa salamu. Kubalianeni bei ya kila kijiti kwa shilingi kabla sahani haijaguswa, hesabuni vijiti kwa sauti, lipeni mara sahani inapofika. Neno "tutahesabu baadaye" ndilo linalozaa ugomvi wote wa Forodhani. Meza huanza kuwaka jioni na kuchangamka baada ya magharibi.

Jambo moja wasilolisema wenzangu ni mwezi. Pweza wengi hukamatwa wakati wa bamvua, maji yanapokauka sana na mwamba ukawa wazi, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Dagaa nao huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri kukiwa na giza. Kwa hiyo wikiendi ya mwezi mwandamo ni bora kwa vyote viwili. Angalieni kalenda kabla ya kukata tiketi. Kama wiki zote ni sawa kwenu, chagueni hiyo.

---

Mlaji wa Makole

Asanteni sana, nimeshaanza kuandika ratiba. Nilisahau jambo kubwa: mke wangu ana mzio wa kamba. Midomo inavimba. Samaki na pweza anakula bila shida. Forodhani aende?

---

Mama Katlesi

Ndugu yangu, kwenye hizo meza za baharini asile kabisa, hata mshikaki wa nguru. Wavu wa kuchomea ni mmoja, koleo ni moja, na brashi ya kupakia mafuta na viungo inatoka kwenye kamba inakwenda kwenye samaki. Maji ya kamba yanabaki kwenye wavu. Pizza vilevile: wengi wana bakuli la kamba kwa ajili ya pizza ya baharini, na chuma ni hichohicho. Atafute muuzaji ambaye bakuli hilo halimo kabisa mezani kwake, asitosheke na kuahidiwa "sitakuwekea".

Kikaango ndicho kinachosahaulika. Mafuta yaliyokaangia kamba yakikaangia kachori baadaye, kachori ile si salama kwake. Aulize hivi: "Mafuta haya yamekaangia kamba leo?" Swali la "kuna kamba ndani?" litajibiwa hapana, na jibu litakuwa la kweli lisilomsaidia.

Vilivyo salama zaidi ni supu na chapati za asubuhi, biriani ya nyama, wali wa nazi na mchuzi wa samaki uliopikwa sufuria yake. Lukmaan aulize kama kijiko cha kupakulia kinahama kutoka sufuria hadi sufuria, na aombe kisafi. Kwenye mlo wa hatua tano wa Emerson Spice, waambieni siku ya kuweka nafasi, si mkishakaa, maana hatua hupangwa mapema na vyakula vya baharini huwa vingi. Na dawa yake iwe kwenye mkoba anaotembea nao.

Mengine ya haraka. Viungo vya kwenda navyo Dodoma nunueni Darajani, vizima: mdalasini wa magome, hiliki ndani ya maganda, karafuu zenye vichwa. Karafuu ikibonyezwa kwa ukucha inatakiwa itoe mafuta. Vya unga hupoteza harufu haraka na ni rahisi kuchanganywa. "Zafarani" ya bei poa achaneni nayo. Zafarani halisi hailimwi Unguja, na ile ikitiwa kwenye maji ya moto rangi inamwagika papo hapo, nyuzi zinabaki hazina harufu. Ya kweli hutoa rangi polepole.

Halua nunueni Jumapili kabla ya boti. Haihitaji friji na inakaa wiki kadhaa, ila onjeni kwanza: isiwe na chembe za sukari, na samli isiwe imejitenga chini ya kifungashio. Kama kuna doriani sokoni, na Novemba mwishoni yanaanza kuonekana, kuleni palepale. Hoteli nyingi hazitaki yaingie chumbani.

---

Baharia wa Kusi

Nimalizie usafiri kwa kuwa mnatoka Dodoma. Treni ya SGR itawashusha stesheni ya Magufuli, Dar, na kutoka hapo bandari ya boti ni mwendo mfupi wa bodaboda au bajaji. Boti ya mwendo kasi inachukua kama saa mbili. Ya mwisho huondoka alasiri, kwa hiyo chagueni treni ya asubuhi. Mkikosa boti mtalala Dar na Alhamisi yenu itakuwa imekwenda. Bebeni vitambulisho vya NIDA, vinatakiwa kwenye tiketi na ndivyo vinavyowapa bei ya Mtanzania. Kaeni chini, nyuma, karibu na katikati, huko mtikisiko ni mdogo. Na supu ya Jumapili iwe saa moja au saa mbili asubuhi, msipande boti mkiwa mmetoka mezani.